Sentimita Sabini Kila Upande

Ukimpelekea Xavery redio mbovu pale Katesh, jambo la kwanza atakuambia utoe baiskeli yako nje. Hata salamu hajakujibu vizuri. Kisha ataondoa ndoo, atasogeza sufuria, na hata lile bati la kuzibia dirisha atalitoa, ndipo aguse waya. Vijana wanamcheka mpaka wanashika mbavu. "Mzee anaogopa sufuria!" Haya, chekeni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu nyoka wake alikuwa wa chuma, wanne kwa idadi, tena walikuwa na magurudumu.

Alizaliwa Balangdalalu, kwenye boma la wafugaji. Baba yake alikufa yeye akiwa hajaanza hata kuchunga ndama. Mama yake alimshika mkono, akatembea naye siku mbili mpaka Endagikot, akamkabidhi kwa mwalimu wa dini aitwaye Margwe ili asome. Huko akabatizwa Xavery, akaitwa Xavery Margwe, akakua kwenye mashamba ya watu wa mlimani, na lugha ya mlimani ikamkaa mdomoni kuliko ile aliyonyonya nayo. Alikuwa na akili ya vitu vidogo vidogo, na redio ya mwalimu aliifungua na kuifunga akiwa darasa la tano. Serikali ilipoanza kulima ngano kwenye mbuga za Hanang, akaenda kuomba kazi ya ufundi wa redio ya upepo, ile ya kuitana na ofisi za mbali, kwenye shamba moja ambalo sitalitaja. Kwenye fomu walimwuliza kwao ni wapi. Akaandika Endagikot.

Hapo ndipo alipomkana mama yake kwa mara ya kwanza, kwa kalamu. Maana shamba lile lilikuwa limekaa juu ya malisho ya kina mama yake, na mfugaji yeyote aliyeonekana karibu na seng'enge aliitwa mwizi kabla hajafungua kinywa. Mama alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Jumapili moja moja alikuwa anakuja na kibuyu cha maziwa, wanaonana mbali, kwenye korongo la upande wa Nangwa, halafu kila mtu anashika njia yake.

Sasa sikiliza habari ya waya, maana kila kitu kimefungwa hapo.

Mwaka themanini na tatu, mwezi wa nne, barua ilikuja kutoka Arusha kwamba masafa ya redio yamebadilishwa. Eriali ya shamba ilikuwa waya mnene wa shaba uliofungwa juu ya mlingoti katikati ya yadi, ukashuka pande mbili hadi kwenye nguzo fupi. Urefu wa waya lazima ulingane na masafa: masafa yakipanda, waya unapunguzwa. Xavery alipiga hesabu yake kwenye daftari, akakata, vile vipande virefu akavirudisha stoo. Kisha akachomeka kipimo chake chenye mshale. Mshale ukilala, nguvu yote imekwenda hewani. Ukisimama, nguvu inarudi mashineni, na mwenzako wa Arusha hakusikii hata upige kelele mpaka upasuke koo.

Mshale ukasimama.

Akakata kidogo tena. Ukashuka kidogo. Akakata tena, na tena, mpaka ukalala kabisa. Vipande vya ziada alivyokata vilifika sentimita sabini kila upande. Hesabu ya daftari ilikuwa inasema hapana, kipimo kinasema ndiyo, naye kijana akaona kipimo hakidanganyi. Loo! Chini ya waya ule, kwenye ncha zote mbili, yalikuwa yameegeshwa makombaini manne yakisubiri mavuno, makubwa kama nyumba, vichwa vyake vinakaribia kuugusa waya. Na chuma kikubwa kikikaa karibu na waya, waya hujiona mrefu kuliko ulivyo. Xavery hakulijua hilo. Aliyekuwa amemfundisha kazi hakuwahi kuwa na kombaini uani.

Meneja wa shamba, Ndugu Hermani, mtu mfupi mwenye kofia ya majani, akapita na kukuta vipande vile miguuni pa fundi. "Hivyo navyo tupa huko, usinijazie uchafu hapa," akasema, akaenda zake.

Xavery hakutupa. Jumapili akampelekea mama yake korongoni. Mama akavigeuza geuza mkononi, macho yanang'aa kama ya msichana. Shaba safi namna ile hakuwa ameipata tangu alipoolewa. Akapeleka kwa mhunzi, vikaungwa viwe nyaya mbili, akavishwa bangili mbili za kuzungusha, moja kila mkono, zikabana kwenye nyama barabara. Bangili za namna ile hazivuliwi. Unazikwa nazo.

Mwezi wa saba mavuno yakaanza, makombaini yakatoka yadi asubuhi, na redio ikafa.

Jioni yaliporudi, redio ikafufuka. Kesho yake, vile vile. Mchana, wakati wa kuomba dizeli, mikanda na vipuri, Arusha haisikii kitu. Jioni, wakati kila mtu amechoka, inasikia kama iko chumba cha pili. Kombaini moja ikakaa siku nne shambani kwa kukosa mkanda, na mvua isiyo ya msimu ikanyeshea ngano iliyokomaa. Ule mwaka, ndugu yangu, ulikuwa mwaka wa kusaka wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanatupa magunia ya sukari mtoni kwa hofu. Ndugu Hermani naye alikuwa na wakubwa wake, nao walikuwa wanataka jina.

"Kuna mkono wa mtu hapa," akasema mbele ya wafanyakazi wote. "Na nitaukata."

Akamgeukia Xavery. Jina la Xavery lilikuwa limekwisha kwenda wizarani kwa ajili ya masomo ya ng'ambo, mwaka mzima, ufundi wa redio. "Wewe nimekupendekeza mimi. Ukiniaibisha, barua nairudisha mwenyewe, na hapa utaondoka kwa miguu."

Aliyefumbua fumbo ni Perpetua, dada aliyekuwa anaongea kwenye ile redio. "Kaka Xavery," akasema siku moja, huku anakuna kalamu kwenye nywele, "hii redio inayapenda makombaini. Yakiondoka inanuna." Alikuwa anatania. Xavery akainuka mara moja. Akakimbia uani. Kulikuwa na kombaini moja mbovu, akambembeleza dereva wa trekta aivute mpaka chini ya waya. Mshale ukateremka. Ikavutwa kando. Mshale ukapanda.

Akaketi chini kwenye vumbi. Kumbe ni yeye! Alikuwa amepima mahali penye chuma, akakata waya ulio sahihi mpaka ukawa mfupi. Dawa yake ilikuwa ndogo tu: kuunga sentimita sabini kila upande. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini pia, kusema haki, aliona nafuu. Akajipangusa suruali akaelekea ofisini kusema. Maneno alikuwa ameshayapanga: Ndugu Meneja, kosa ni langu, nilipima vibaya, wewe mwenyewe uliniambia vile vipande nitupe.

Mkono wake ulikuwa unakaribia mlango aliposikia kelele getini. Nicodemo, mkuu wa mgambo, alikuwa anaburuta mwanamke wa makamo aliyevaa sketi ya ngozi. Kibuyu kilikuwa kimepasuka, maziwa yanamchuruzika miguuni.

Alikuwa mama yake.

"Ndugu Meneja!" Nicodemo anahema kwa furaha. "Mwizi wa eriali! Nimemkuta kwenye korongo. Tazama mikono!"

Ndugu Hermani akatoka, akashika mkono mmoja wa yule mama, akaugeuza kwenye jua kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Umeipata wapi hii shaba?"

Mama akamwangalia Xavery mara moja tu, haraka, akaondoa macho. "Niliokota," akasema kwa Kiswahili chake kigumu. "Njiani."

"Uliokota! Fundi, njoo hapa. Wewe ndiye unayejua. Huu ni waya wa eriali au si wa eriali?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na ilikuwa pana kama geti la yadi. Sentensi mbili tu zingetosha. Xavery aliziona zile sentensi, akaona na barua ya wizarani ikirudi, akaona fomu yenye neno Endagikot, akaona madereva wote wamesimama wanamtazama.

"Ndio wenyewe," akasema.

Shikamoo hakumpa. Perpetua, aliyekuwa dirishani, alikuja kusema baadaye kwamba hilo ndilo lililomshangaza kwanza, maana Xavery alikuwa kijana wa kuamkia hata wagonjwa wa akili.

"Vua," meneja akaamuru. Bangili hazikuvulika. "Lete plaizi."

Plaizi ilikuwa mfukoni mwa Xavery. Nicodemo akambana yule mama mabega, na mwanawe akapiga magoti akaanza kuzongoa shaba kutoka kwenye mkono uliomlisha. Ilikuwa imekaza. Kila mzunguko ulichukua ngozi. Damu ikateleza kwenye vidole vyake, plaizi ikateleza, akashika upya.

"Kaza mkono, mwanangu," mama akasema taratibu. "Ukitetemeka inauma zaidi."

Hakuna aliyeshtuka. Kila mama huwaita vijana mwanangu. Nicodemo hata akacheka.

Shaba ilipotoka, meneja akataka ipimwe mbele ya watu wote. Xavery akainyoosha chini, akatandika futi kamba. Sabini. Ya mkono wa pili, sabini. "Sema kwa sauti!" Akasema kwa sauti. Meneja akatingisha kichwa kwa jinsi alivyoridhika, akaagiza fimbo kumi na mbili pale pale, kisha lori lipeleke mhujumu huyo kituoni Katesh. Fimbo zilihesabiwa na watu wote. Mama hakulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa na uchungu mwingine wa kushughulikia kuliko ule wa mgongoni.

"Na wewe fundi, rudisha mali ya umma mahali pake."

Akapanda. Akalehemu kipande kimoja upande wa kushoto, kimoja upande wa kulia, bila hata kuviosha damu. Kesho yake mchana, makombaini yote yakiwa mbali shambani, Perpetua aliita Arusha, na Arusha ikaitika neno kwa neno. Madereva wakapiga makofi. "Mnaona?" Ndugu Hermani akasema, kofia mkononi. "Mwizi kapatikana, redio imepona. Mnataka ushahidi gani tena?" Na kweli, ushahidi gani tena? Mtu angesema nini? Mficha uchi hazai, lakini huyu aliuficha na akapewa cheti, fundi bora wa mwaka, chenye mhuri.

Mama alikaa rumande wiki saba. Alipotoka alikuwa anakohoa. Xavery alikwenda Balangdalalu siku ya tatu, barua ya masomo ikiwa mfukoni, maana safari ilikuwa imekubaliwa. Alimkuta ameketi kwenye mlango wa nyumba yake, mikono kwenye mapaja, na kuzunguka kila mkono kulikuwa na mistari ya makovu, bado myekundu, imejipanga kama bangili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamsogezea kigoda. Halafu mama akauliza, kwa lugha yao, "Ile mashine yenu inasema sasa?"

"Inasema."

"Baada ya kurudisha waya wangu?"

"Ndiyo, mama."

Uso wa mama ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi vizuri," akasema. "Nilikuwa nalala kule ndani najiuliza, mwanangu amenyamaza kwa nini? Nikasema, lazima aliuiba. Aliuiba kwa ajili yangu, na angesema wangemuua. Mtoto hawezi kumwacha mama yake apigwe kwa kitu kidogo." Akamshika goti. "Uliuiba, sivyo?"

Xavery alitazama ile mikono. Hakuwa ameiba. Alikuwa amekosea kupima, basi, na aliona aibu kusema.

"Niliiba, mama," akasema.

"Nilijua," mama akasema, akaingia ndani kumtafutia maziwa.