Kiluma Haina Sumu

Kila mwaka nikifika mada ya uainishaji wa viumbe naweka matunda mawili juu ya meza ya darasa: biringanya kutoka sokoni, na ile tunguja ya manjano inayoota kando ya njia, ambayo sisi Wakamba tunaiita ndongu. Nawaambia wanafunzi kwamba haya mawili ni ya jenasi moja. Jenasi ni ngazi iliyo chini ya familia na juu ya spishi. Walio ndani yake wanafanana kiasi kwamba wanagawana jina la kwanza la kisayansi. Lakini moja unapika ukala na chapati, la pili ukila unalazwa. Wanacheka, wanaandika, tunaendelea. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi katika shule moja upande wa Zombe, na siku hizi sifungui hata kitabu. Nalitaja mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mama yangu anaishi Makueni, karibu na Kalamba, na maisha yake yote amefuga kuku. Kuku ndio walionisomesha, naye hakuwahi kunikumbusha hilo. Angenikumbusha ingekuwa rahisi zaidi kuvumilia. Kwetu, kideri kikisikika kijiji cha pili, kila mwanamke hukata majani ya mshubiri, yaani kiluma, akayatia kwenye maji ya kuku wanywe kabla ugonjwa haujafika. Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu dawa hiyo na nilimletea chanjo mara mbili. Chanjo aliitumia, na kiluma akaendelea nacho vilevile. Alikuwa na safu nzima kando ya ua, na majirani walikuja kwake kuomba. Alikuwa akitoa bure, ila alikuwa mkali: hakuna kukata jani changa, wala kuzidisha majani mawili kwa debe.

Kisha mvua ikakosa misimu miwili. Safu ile ikanyauka, na kilichobaki watu wakakimaliza kwa kuomba. Muhula uleule nilipeleka wanafunzi ziara upande wa Mtito Andei, na kando ya kilima nikaona mishubiri mirefu, yenye shina kama mkono wa mtu na majani yaliyonona. Nikang'oa sita, nikaitia kwenye gunia, nikampelekea mama. Nilijivuna njia nzima.

Mama alikata ncha ya jani moja akainusa. Akanipa na mimi.

“Hii inanuka panya,” alisema.

Kweli ilinuka panya. Harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Nami badala ya kuuliza kwa nini, nilifundisha. Nilichukua kijiti nikamchorea chini kwenye vumbi: familia hapa, jenasi hapa, spishi hapa. Nikamweleza kwamba neno kiluma, kama tunavyolitumia, ni jina la jenasi nzima, kwamba wazee wetu waliona undugu wa mimea ile bila darubini, na kwamba hii ndefu na ile fupi ya uani ni kitu kimoja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Hata ukoo wetu jina ni moja, mwalimu, na kuna boma mbili siwezi kula ugali yao.”

Nilicheka sana. Somo langu lote alikuwa amelimaliza kwa sentensi moja, na mimi mwenye digrii nilidhani ni mzaha. Aliipanda ile sita kwa sababu ilitoka kwangu, lakini aliipanda nyuma ya ghala, mbali na kuku.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, kideri kikaingia. Asubuhi moja akaja mjane anayeishi ng'ambo ya mto, rafiki ya mama tangu wakiwa wasichana, wa kanisa moja na chama kimoja. Kuku wake walikuwa bado wazima. Alitaka majani ya kuwakinga.

“Kiluma kiliisha, dada,” mama alimwambia.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko. “Si ziko zile za huko nyuma?”

“Zile sizijui.”

Iliniudhi kukataliwa mbele ya mgeni. “Mama, unasumbua mtu bure. Ni kitu kimoja, nilikuonyesha.” Nikachukua panga, nikaenda nyuma ya ghala, nikakata majani manne. Sikumpa mjane mwenyewe. Kwetu mtoto hagawi kitu cha nyumba mama akiwa amesimama pale. Unampa mama, naye ndiye anayempa mgeni. Kwa hiyo nilimkabidhi mama majani, akayatazama, akanitazama, akampa rafiki yake kwa mikono miwili.

Kabla ya saa saba mchana mjane alirudi na karai lenye kuku wawili. Miguu yao ilikuwa imelegea kabisa, lakini macho yalikuwa wazi na vichwa vikigeuka kufuata sauti. Hawakuwa na kinyesi cha kijani wala shingo zilizopinda. Nilijua papo hapo kwamba hicho si kideri. Ganzi iliyoanzia miguuni ilikuwa ikipanda, na ilipofika kifuani waliacha kupumua, hapo mbele yetu. Kufikia jioni mjane hakuwa na kuku hata mmoja, hata yule aliyekuwa akiatamia.

Hakupiga kelele. Alimuuliza mama, “Nilikukosea wapi?”

Mama aliinama akalitazama karai. Nami nilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwao, nimeshika ufagio.

Neno sumu lilivuka mto kabla ya siku tatu. Baada yake likafuata neno ambalo kwetu halisemwi kwa sauti, la mtu anayeua kwa mkono wa ukarimu: muoi, yaani mchawi. Wengine wakakumbuka mbuzi waliokufa miaka iliyopita na nani alikuwa amepita hapo. Mchungaji akaona bora jambo lizungumzwe, akawaomba wazee na akina mama wabaki baada ya ibada ya Jumapili. Mama alikaa benchi la mbele, peke yake. Nafasi pembeni yake ilikuwepo.

Mchungaji alinigeukia mimi, kwa heshima kubwa. “Mwalimu, wewe ndio umesoma hii maneno mpaka juu. Tusaidie. Kiluma iko na sumu ama haina?”

Nilisimama. Nilikuwa na jibu lote kichwani, zima, kwa mpangilio. Kiluma ni jenasi. Ndani yake mna spishi nyingi, zinazotibu na zinazoua. Iliyoua kuku hawa ilitoka Mtito Andei, niliileta mimi, niliikata mimi, na mama alinionya mara mbili. Hata kengele ya kipindi isingelia kabla sijamaliza. Niliona nyuso za wazazi ambao watoto wao huletwa kwangu likizo niwaeleze masomo. Niliona wanavyoningoja.

“Kiluma haina sumu,” nilisema, nikaketi.

Watu waliguna taratibu. Ndipo niliposikia nilichokisema. Kama kiluma hakina sumu, basi aliyekitoa aliongeza kitu. Nilitoa jibu la jenasi kwa swali la spishi, kosa ninalowakatia wanafunzi alama, na nililitoa kwa makusudi.

Mama aliulizwa kama ana la kusema. “Mimi nilipeana,” alisema. “Mkono ni wangu.”

Nyumbani nilimkuta akibambua mbaazi. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa, kwa nini hakusema ukweli.

“Wewe bado unafundisha watoto wa watu,” alijibu. “Mimi nimezeeka, wataniita nini ambacho kitanimaliza?”

Nilimchukia kidogo kwa huruma ile. Nasema nilivyohisi. Kesho yake aling'oa ile mishubiri sita, akaichoma nyuma ya ghala, na hakutaka nimsaidie.

Huu ni mwaka wa tatu. Hakuna aliyemfukuza popote. Kwenye matanga na harusi anapewa kiti kizuri, cha kivulini, mbali na sufuria, akina mama wanamwambia, “Wewe pumzika, nyanya, umefanya kazi ya kutosha.” Mjane anamsalimu akiwa barabarani, bila kusimama. Mwisho wa mwezi nikienda kumwona mama, bado anapika chai ya watu watano, kwa mazoea. Hakuna anayekuja. Mimi nakunywa vikombe viwili, anamwaga iliyobaki, ananiuliza shule zinafunguliwa lini. Tukikaa mlangoni tunayaona mabati ya nyumba ya mjane ng'ambo ya mto. Ni mwendo wa dakika kumi, na mto wenyewe mara nyingi ni mchanga mtupu. Sijawahi kwenda.