Lavande ya Mukarugwiza

Hapa Burungu wananiita Mama Dawa, jina ambalo silipendi hata kidogo. Mimi Kavuo ni mutu wa Butembo, niko na butiki, nauza chumvi na sabuni. Ni vile tu masista wa misioni wananipatia maua ya lavande yaliyokauka, na mama mwenye kukosa usingizi anakuja kuomba kidogo, anaweka chini ya muto, analala.

Njo Mukarugwiza alikuja, macho mekundu. Bwana yake Shyaka alikuwa na miezi mbili bila kulala. Anakaa tu mulangoni na fimbo mpaka kunakucha, ukimuuliza anasema kichwa kinamuuma. Kiburi cha wanaume wenye ng'ombe, eh! Alikuwa nazo kumi na moja, vita ikazimaliza, akabakiwa na Gaju peke yake. Maziwa ya Gaju njo chakula cha watoto wao wane.

"Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamuumbua," nikamuambia. "Muwekee maua chini ya muto."

"Muto gani, Mama Kavuo? Mutu mwenyewe halale!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli. Kwao wafugaji hawatie maziwa ndani ya icyansi, kile chombo chao cha mti, bila kukifukiza kwanza na moshi wa majani ya kunukia. Nikamuambia, "Basi leo fukiza icyansi na lavande. Atakunywa bila kujua." Nilijiona mwenye akili sana.

Shyaka alijua mara moja. Alinusa, akakunja uso: "Nani ameharibu chombo changu?" Lakini kwao maziwa haimwagwi chini hata ikinuka namna gani. Akakunywa yote na hasira yake. Ilikuwa maua, ao uchovu wa miezi mbili? Sijui. Alilala palepale na bottes miguuni, na bibi yake akamufunika blanketi, akashukuru Mungu.

Kesho yake asubuhi Shyaka mwenyewe akaingia kwa butiki. Hakusalimia.

"Mama Kavuo, nani alikuambia niko mugonjwa?"

Nikaanza kupanga sabuni mezani.

"Niliona nyayo za watu nyuma ya kiraalo ya Gaju, mara mbili. Sikumuambia mama wa watoto, angewabeba tena kukimbia, na muvua hii. Nilikuwa nachunga. Usiku wa leo nimelala kama mutoto, nimeamka kamba imekatwa. Gaju haiko."

Nilimuomba Mungu huyu mwanaume anitukane, amwage maua yangu yote barabarani, nipumue. Hakutukana. Alifuta jasho na kofia yake, akaangalia kikopo cha lavande juu ya meza.

"Hayo upatie wengine, mama. Mimi sasa nitalala bila dawa. Nimebaki nachunga nini?"