Kifuniko cha Sufuria

Mshona mapazia wa ghorofa ya pili hapigi picha ya blogu yake ya mapishi bila kwanza kufuta simu kwa upindo wa gauni, kuzima taa zote na kusogeza meza dirishani. Mumewe kazi yake ni kushika kifuniko cha sufuria, kirudishe mwanga upande wenye kivuli. "Inua, baba watoto. Hapo hapo, usipumue!" Naye hununa, akiomba tu wenzake wasimwone. Mchana wa harusi ya binti yao, mpiga picha wa kukodiwa, mwenye kamera kubwa kama kichwa cha mbuzi, alihangaika chini ya taa za ukumbi; keki nyeupe ilitoka njano kama kiini cha yai. Mume alikimbilia jikoni hata hajatumwa, akarudi na kifuniko cha sufuria. "Zima taa, kijana. Mwachie mke wangu," alisema, na mbele ya wageni wote akainua kifuniko, kifua mbele, pumzi ameshaibana.