Ng'ombe Aliyetangulia Mkutano

Kila alfajiri, kabla hajaitikia salamu ya mtu, Milembe hufukua majivu jikoni kutafuta kaa ambalo bado lina uhai. Akilipata hulipuliza mpaka liwe jekundu, ndipo huitikia salamu ya asubuhi, "Mwangaluka." Majirani hapo kijijini Nkoma huja na vigae kuomba moto. Na kwa kuwa ndiye kiongozi wa wanawake wanaopika kwenye shughuli za kijiji, hakuna sufuria ya hadhara inayopanda mafigani kabla yeye hajawasha.

Asubuhi ya mkutano mkuu wa kijiji, Rachel, binti wa kaka yake aliyekuja likizo kutoka chuoni, alimwona akilipata kaa, kisha akalifukia tena.

Kwenye uwanja wa shule ng'ombe alikwisha kuchinjwa. Alitolewa na Dastan, tajiri mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, aliyetaka lambo la kijiji liwe la kampuni yake. Kampeni za diwani aligharamia yeye. Pikipiki ya Jilala, mwenyekiti wa kijiji, alinunua yeye. Ambacho hakikuwa chake bado ni mikono ya wanakijiji, nayo ingenyooshwa mchana huo. Kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyelisema, kwamba ni aibu kumkatalia mtu huku nyama yake ingali kwenye meno yako.

Milembe alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, mafiga matupu mbele yake. Jilala alikuja kuuliza kulikoni, akajibiwa kwa upole kuwa nyama itapikwa mkutano ukiisha. Akaenda, akarudi na Danford, msimamizi wa Dastan. Danford akachomoa kiberiti, akawasha kuni mwenyewe.

"Mayu, mama yetu, moto si mali yako peke yako," alisema.

"Umewaka vizuri," alisema Minza, mmoja wa wapishi. "Haya baba, jifunge kanga upike."

Wanawake wakacheka, lakini hakuna aliyeinua sufuria. Danford hakucheka. Alimwinamia Milembe, na Rachel, aliyekuwa akipanga sahani nyuma yao, akasikia kila neno.

"Pamba yako bado iko nyumbani. Mnunuzi hapa ni mmoja, na unamjua."

Milembe aliutazama moto hadi mtu yule akaondoka.

Mkutano ulianza watu wakiwa na njaa. Jilala alizungumzia ajira, mabomba, maendeleo. Bujiku, mfugaji, aliuliza kiangazi ng'ombe watakunywa wapi, akaambiwa hilo litaangaliwa baadaye. Kura ikaitwa. Waliokubali walinyoosha mikono huku wakitupa jicho kwenye gari la Danford. Waliokataa walianza polepole: Bujiku, kisha Milembe, kisha wapishi, kisha safu nzima ya nyuma. Jilala alihesabu, akarudia kuhesabu. Lambo likabaki la kijiji.

Danford akaamuru nyama ipakiwe garini. Watu wakatawanyika na njaa yao, wengine wakimnung'unikia Milembe waziwazi.

Nyumbani, pamba ilikuwa imejaa chumba hadi ikagusa kitanda cha Rachel. Jioni, baada ya kula ugali kwa mlenda, Rachel alisimama kwenye mlango wa jiko.

"Shangazi, pamba hii tutamuuzia nani?"

Milembe alikuwa akilifunika kaa kwa majivu. Alimaliza kwanza, akapangusa mikono.

"Sijui," alisema.