Kathini na Ukuta wa Majembe

Ukitaka kumwona Kathini amenuna, soma Neno kanisani mbiombio huku ukimeza maneno. Mama huyu huuza avokado sokoni Kikima, na ndiye msimamizi wa wasomaji kanisani kwao. Hataki Neno lisomwe tu, anataka lionekane. Siku ya gharika ya Nuhu alimwaga mahindi juu ya bati ili watu wasikie mvua. Nusu ya waumini walitoka mbio kwenda kuanua maharagwe yao.

Mzee Musyimi, mkubwa wa wazee wa kanisa, hakucheka. Alimwambia kichekesho kingine kama hicho kitamwondoa, na usomaji utarudi kwa wazee. Kathini aliumia sana, maana hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo.

Basi ikaja zamu ya Nehemia, sura ya tatu, majina matupu ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu.

"Mama Mutanu, hizo majina zote ni za nini?" Mzee Musyimi akamuuliza Kathini, akimwita kwa jina la mwanawe. "Watu watalala. Soma verse tatu, ukae chini."

Kathini aliisoma sura nzima nyumbani muthokoi wake wa mahindi ukichemka jikoni. Kila mtu alipimiwa kipande chake kando ya jirani. Lo! Si hii ni mwethya? Ndivyo waumini wenyewe walivyokuwa wakisaidiana kuchimba mtaro wa maji kila Jumatano, Kathini akimpimia kila mmoja kipande.

Kisha akafika aya ya tano, akairudia mara mbili. Wakubwa wa mji mmoja walikataa kuinamisha shingo kufanya kazi. Kanisa lote lilijua nani hajawahi kukanyaga mtaroni. Mzee Musyimi alisingizia mgongo, mgongo uleule uliobeba magunia ya kahawa bila kulalamika. Kuruka aya hiyo kungekuwa rahisi, na Kathini aliogopa kweli. Lakini hakuwa mtu wa kuruka Neno. Aliamua kuisoma yeye mwenyewe, asije akalaumiwa mwingine.

Jumapili watu wa mwethya walisimama kuzunguka kuta za kanisa, majembe mkononi. Kila mmoja alisoma jina na kipande, akagonga sakafu kwa mpini, na waumini wakaitikia, "Na baada yake?" Hata watoto walipaza sauti. Hakuna aliyelala.

Zamu ya Kathini ikafika. Alisoma polepole mpaka pale kwenye wakubwa na shingo zao. Akagonga sakafu.

Watu waliangalia viatu vyao. Kathini hakusogea. Asingeendelea mpaka aitikiwe.

Mzee Musyimi akainuka. "Soma tena."

Akasoma tena, neno kwa neno. Mzee aliyatazama yale majembe, moja baada ya jingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na baada yake?"

Ndila, aliyesimama kando ya Kathini, akadakia jina lililofuata, na ukuta ukaendelea mpaka mlangoni.

Baada ya ibada mzee alimsubiri nje. Kathini alijiandaa kufukuzwa.

"Mambo ya kusoma endelea nayo," Mzee Musyimi alisema bila kumtazama. "Jumatano mnaanza saa ngapi? Nipimie kipande."

"Nilikupimia siku ya kwanza, mzee," Kathini akamjibu. "Kiko katikati ya changu na cha Ndila. Ni hicho tu kimebaki maji yapite."