Gradi Alipofukiwa, Majirani Walipiga Makofi

Siku Gradi alipofukiwa na udongo, majirani walipiga makofi.

Sitii chumvi. Walipiga makofi, na mmoja akapiga vigelegele.

Naomba mtulie, nianze mahali panapostahili.

Ilikuwa likizo ndefu. Tulikuwa watatu, wote wanafunzi wa bweni, wote tumerudi Kolwezi na akili nyingi zisizo na kazi. Mimi Kyungu, rafiki yangu Gradi, na Bilkisi, binti wa msafirishaji, ambaye alikuwa na simu yenye kamera nzuri. Kwa sababu ya simu hiyo, hatukumpinga kwa jambo lolote.

Tuliamua kutengeneza filamu. Maajenti wa serikali, majambazi, na hazina iliyofukiwa ardhini.

Mimi, kwa unyenyekevu wote, nilikuwa mwongozaji, mtunzi, mpishi wa damu na mkuu wa maajenti. Damu ilikuwa nyanya ya kopo. Bastola zilikuwa mbao zilizopakwa dawa ya viatu. Maajenti walikuwa wawili, mimi na Bilkisi, miwani nyeusi moja. Ndiyo maana katika filamu yetu maajenti hawaonekani pamoja hata mara moja.

Gradi alikuwa jambazi mkuu. Alizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Akifa, anakufa kwa dakika nyingi, anasamehe watu, anafufuka kidogo, halafu anakufa tena.

Tulipiga picha nyumbani kwa shangazi yangu, Mama Kabedi, mshonaji. Mchana anakuwa sokoni na cherehani yake, parseli nzima, nyumba na uwanja, inabaki yetu. Ukuta ulikuwa mfupi, kwa hiyo majirani walileta viti. Mama Micheline, muuza mandazi, alihamishia hata kikaango chake karibu na ukuta, asikose kitu.

"Leo nani anakufa?" alikuwa akiuliza kila asubuhi.

"Ni Gradi, mama."

"Tena? Maskini. Huyu mutoto iko na roho ngapi?"

Sasa, nyuma ya jiko la shangazi kulikuwa na shimo.

Mtu wa Kolwezi hahitaji maelezo, lakini ninyi wa mbali nawahurumia. Huku kwetu watu huchimba kobalti popote. Uani, chini ya kitanda, chini ya meza ya chakula. Mpangaji aliyekaa pale kabla ya shangazi alichimba, akakosa, akahama. Shangazi akafunika shimo kwa mbao na bati, akatukataza kulisogelea.

Mnajua neno "kukataza" linamfanyia nini kijana wa bweni.

"Hapa ndipo hazina inapofukiwa," nilitangaza.

Tulikuwa na sanduku la bati, lile la kubebea nguo za shule. Tulilijaza mawe, tukasogeza mbao na bati kwenye ukingo wa shimo. Gradi akashuka nalo kwa kamba, akiwa na koleo letu la pekee. Chini, kando, kulikuwa na kijishimo cha kuingia ndani kama chumba kidogo. Alitakiwa asukume sanduku humo, acheke kicheko cha kijambazi, apande.

"Action!" nikasema.

Gradi akacheka. Kicheko kikatoka shimoni kizuri sana.

Kisha ukingo ukaondoka.

Haukulia. Uliondoka tu, kama mtu anayetoka kwenye mkutano bila kuaga. Mbao, bati, majivu ya jiko, udongo mwekundu, vyote vikashuka pamoja. Vumbi lilipotulia, shimo lilikuwa limejaa hadi usawa wa kifua, na Gradi hayupo.

Bilkisi akashusha simu.

"Kyungu," alisema polepole, "hiyo tuliipanga?"

Hatukuipanga.

Nikaruka ndani, nikaanza kuchimba kwa mikono. Bilkisi akaleta mfuniko wa sufuria, akachimba kwa huo. Kila tulipotoa udongo kidogo, mwingi zaidi ulishuka. Koleo letu lilikuwa chini pamoja naye.

Ndipo tukasikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alikuwa ndani ya kile chumba kidogo, anagonga sanduku.

"Anapumua!" Bilkisi akalia. "Gradi! Goja, tunakuya!"

Nilipanda hadi ukutani. Uso wangu ulikuwa na vumbi na nyanya ya kopo.

"Mama Micheline! Musaidie! Gradi eko chini, udongo imemufunika!"

Makofi.

"Eeh! Leo amelia muzuri," Mama Micheline akawaambia wenzake. "Jana alikuwa anaficha kicheko. Leo machozi inatoka kweli."

"Mama, si sinema! Naapa!"

"Na jana uliapa hivyo hivyo," akasema babu mmoja. "Ukasema muko na bomu."

Ilikuwa kweli. Jana niliapa kuna bomu. Ilikuwa sehemu ya maigizo, na niliigiza vizuri mno.

Nikawapigia magoti juu ya matofali ya ukuta. Mama Micheline akageuza mandazi, akanitupia moja, kama zawadi ya msanii.

Bilkisi alikuwa anampigia simu kaka yake Ibrahim. Ibrahim alikuwa na lori njia ya Fungurume, simu haipatikani. Nilikimbia barabarani. Mlinzi wa duka aliniangalia, akaangalia bastola ya mbao kiunoni mwangu, akacheka hadi akashika goti.

Nikarudi shimoni.

Ngo.

Kimya.

Ngo.

Bilkisi alikuwa ameinamia udongo, kucha zake zimevunjika, anasoma dua kwa sauti ndogo. Hakunitazama. Alisema tu, "Anachoka."

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa utani. Nimewahi kumfungia prefe, mkuu wa nidhamu wa bweni letu, mbuzi ofisini. Lakini saa ile nilijua kitu kimoja: yule aliye chini nilimtuma mimi, mama yake ananijua kwa jina, na ukweli nilishausema kwa kila aliyekuwa na masikio, haukumnyanyua hata mmoja kwenye kiti.

Basi ukweli ulikuwa umeshindwa kazi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Siku ile niliomba iwe fupi zaidi.

Nilichukua jiwe jeusi, nikalipaka mate ling'ae, nikatoka hadi kona ambako wachimbaji hupumzika na zana zao. Sikupiga kelele. Nilinong'ona, lakini mnong'ono wa kusikika.

"Tata Tshibangu... tumeona mali. Nyuma ya jiko ya Mama Kabedi. Mushipa mukubwa ya kobalti. Tafazali, usiambie mutu."

Tata Tshibangu, mkubwa wa wachimbaji, aliliangalia jiwe. Alisimama na sururu yake.

Sikuwahi kuona mtaa ukiamka hivyo. Koleo, sururu, nyundo, magunia, ndoo. Watu waliruka ukuta ule ule mfupi. Babu wa bomu aliuruka. Mama Micheline aliacha mafuta motoni, akaja na sufuria.

"Nilijua!" alikuwa anasema. "Njo maana alifunika hii kishimo! Mwaka yote ananiambia ni ya majivu!"

"Chini kabisa!" nilipiga kelele. "Upande wa kushoto! Mali iko mu ile chumba ya kushoto!"

Waungwana, wale watu walichimba. Udongo ulioshinda mikono yetu ulipanda angani kama maji. Mbao zikatoka, bati likatoka. Tata Tshibangu alifika kwenye kijishimo, akaingiza mkono, akavuta.

Alivuta mguu.

"Aaah," akasema, "kuna mutu huku."

Wakampokezana hadi juu. Alikuwa mwekundu mwili mzima, macho yamefumba. Bilkisi akamfungua mdomo, akamtoa udongo kwa kidole. Nilimpiga mgongoni. Hakuna kitu.

Nikampiga tena, huku naita jina lake kama mwendawazimu.

Akakohoa.

"Kamera..." akasema, "ilikuwa inachukua?"

Nililia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatutazama.

Wote walikuwa wamerudi shimoni.

Walimweka kando kama gunia lililokuwa limeziba njia, wakaendelea. Nikawakimbilia.

"Basi! Muache! Nilidanganya, hakuna mali! Nilitaka mumutoe Gradi tu!"

Tata Tshibangu alinitazama kwa huruma.

"Mutoto, kila mwenye mali anasema hana. Sogea."

"Tata, naapa! Jiwe nililipaka mate!"

"Ona vile analia," Mama Micheline akamwambia babu. "Anataka abakie nayo peke yake."

Walichimba kushoto, wakachimba kulia, wakachimba chini ya jiko. Alasiri jiko la shangazi likainama taratibu, likaingia shimoni na sufuria zake. Ndipo Mama Kabedi alipotokea langoni, cherehani kichwani.

Alitazama umati. Akatazama mahali palipokuwa na jiko. Akamtazama Gradi, amelala mapajani mwa Bilkisi, mwekundu.

"Nani aliambia hawa batu kama huku kuna mali?"

"Ni mi, mama."

Kofi lilikuja kabla ya neno la pili.

"Na huyu alikuwa chini?"

"Ndiyo, mama. Nilisema ukweli kwanza. Walikataa."

Shangazi alishusha cherehani chini. Alikaa kando yake, akisikiliza sururu zikila uwanja wake. Halafu akanifuta nyanya shavuni kwa upindo wa kitenge.

"Mujinga wewe," akasema. "Ungesema dhahabu. Bangekuya mbiyo zaidi."

Walichimba hadi wakakuta maji. Hawakupata hata kokoto. Hadi leo mtaani wanaamini tuliihamisha mali ile mapema, na Mama Micheline hanisalimii.

Funzo langu ni dogo, mlishike. Ukianguka shimoni huku kwetu, usipoteze pumzi kuwaambia watu kwamba uko humo. Waambie kuna kitu cha thamani nyuma yako. Watakukuta njiani wakikifuata.