Siyo Kwelea

"Nisimsikie mtu akiita 'Ndege!' shambani kwangu," Bibi Mbuke huwafokea wajukuu wanaowinga mpunga wake kule Chimala. "Gongeni madebe, basi!"

Wakati wa vita vya Kagera, akiwa na miaka saba kwao Usukumani, aliona ndege ya kivita ikishuka, akapiga kelele: "Ndege! Ndege!" Kaka yake Nkuba alichomoka kibandani na kombeo mkononi, akidhani kwelea wamevamia mtama. Bomu lilimkuta katikati ya shamba.

Jana mjukuu mgeni kutoka Kihesa, asiyejua mwiko huo, aliita, "Bibi, ndege!" Mbuke akajitupa kifudifudi matopeni. Watoto wakacheka, mpaka walipomsikia akilia kwa sauti ya kitoto: "Nkuba, rudi! Siyo kwelea!"